Kikao cha wazee, ustawi wa jamii au mahakama: mtoto wa nje ya ndoa aamuliwe wapi?

Mdogo wangu wa kiume anavua dagaa. Kuna miezi yuko Igombe, kuna miezi yuko Kayenze, na kuna miezi anavuka kwenye kambi za visiwani, Ukerewe, akifuata mavuno. Alizaa na binti wa Igoma. Hawakufunga ndoa, na hata kukaa pamoja hawakumaliza mwaka. Mtoto alipotimiza miaka mitano wakakosana vibaya. Sisi upande wa baba, na mimi shangazi mtu nikiwa mstari wa mbele, tukamwomba mtoto kwa wiki mbili za likizo, tukampandisha meli hadi Nansio kwa bibi yake. Wiki mbili zikageuka miezi minne. Mama yake anapiga simu, hatupokei.

Nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma, na kwa sababu karibu kila wiki namsikia mtu hapa Mwanza akipanga kufanya vilevile. Kutoka kwenye kosa lile kulituchukua karibu miaka miwili. Tulianza kikao cha wazee, tukapita ofisi ya ustawi wa jamii, tukamalizia Mahakama ya Watoto. Nimekaa kwenye mabenchi ya sehemu zote tatu. Wanaoniuliza waanzie wapi huwa nawauliza kwanza: mnagombania nini hasa?

Ugomvi mmoja, kumbe ni mitatu

Wazazi wasio na ndoa hufika wakisema "tunagombania mtoto". Ukikaa nao unakuta mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja. La kwanza, je, huyu ndiye baba? La pili, mtoto akae na nani, na mwingine amwone lini? La tatu, nani atoe hela ya matumizi, kiasi gani?

Kila moja lina mahali pake panapolifaa. Balaa kubwa ni kuchanganya la pili na la tatu. Baba anasema, "Situmi hela mpaka nimwone mwanangu." Mama anasema, "Humwoni mpaka utume hela." Sheria haimuungi mkono hata mmoja wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa, na inampa mtoto huyohuyo haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi ambaye haishi naye. Zote mbili ni haki za mtoto. Mzazi hana ruhusa ya kuitumia moja kudai nyingine, kama mtu anayeshika baiskeli ya mdeni wake.

Maneno ya mtaani na yaliyoandikwa

Kabla ya kulinganisha njia zenyewe, nitoe mambo mawili yanayopoteza watu wengi, maana ukienda popote ukiwa nayo kichwani utaumia.

La kwanza ni "chini ya miaka saba mtoto ni wa mama, akifika saba ni wa baba". Nusu ya kwanza ina asili yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kuwa na mama yake. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kama mama anamtesa au hayuko katika hali ya kumlea. Nusu ya pili haimo kabisa. Hakuna mahali sheria inasema siku mtoto akitimiza saba baba aje na begi. Na kwa wasio na ndoa, mahakama inashika zaidi Sheria ya Mtoto, inayotanguliza masilahi bora ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Kisha inatazama umri na jinsia yake, maoni yake kama anaweza kuyatoa bila kusukumwa, kutotenganisha ndugu, na kutomkatakata malezi kwa kumhamisha hapa na pale.

La pili ni "mtoto ni wa ukoo". Wazee wetu hawakulizua. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 kwa makabila ya ukoo wa baba lilisema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa upande wa mama, na baba angeweza kumhalalisha kwa kumwoa mama yake au kwa kulipa Sh 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kwa hiyo hata kwa mila zilizoandikwa, mjomba wetu aliyekuwa akipiga meza kwamba mtoto ni wetu hakuwa na hoja. Hatukuwa tumeoa, hatukuwa tumelipa chochote, na mtoto alikuwa ameacha kunyonya siku nyingi. Leo hata ukilipa ng'ombe kumi kumkomboa mtoto, ng'ombe hao hawamwondoi mahali panapomfaa.

Nguvu ya uamuzi

Hapa ndipo njia hizi tatu zinapotofautiana zaidi, na hapa ndipo ningetaka msomaji akae.

Kikao cha familia kina nguvu ya aibu tu. Chetu kilikaa kwa mjomba wa binti, Igoma. Wazee walikuwa saba, watano wa kwetu na wawili wa kwao. Mama wa mtoto alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na kwa saa nzima hakuulizwa swali hata moja. Mwisho yakaandikwa makubaliano kwenye daftari la shule: mtoto arudi kwa mama yake, na baba atoe matumizi "kadiri atakavyojaliwa". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotuangusha. Mwezi wa kwanza alijaliwa, wa pili akajaliwa nusu, wa tatu simu haipatikani. Tulipolifuata daftari, ukurasa ule ulikuwa umelowa maji, wino umesambaa, husomi kiasi wala tarehe. Hata usingelowa, hakuna ambaye angemlazimisha mtu kwa karatasi ile.

Ofisi ya ustawi wa jamii iko chini ya halmashauri, na afisa wake anatoa wito kwa barua. Wito una uzito kuliko simu ya mjomba. Mdogo wangu aliukwepa mara mbili akisema yuko ziwani, wa tatu akaja mwenyewe. Pale wazazi wanakaa kiti na kiti, afisa katikati, na makubaliano yanaandikwa kwa tarehe na kiasi, yanasainiwa, nakala wanapewa wote. Ni hatua kubwa. Lakini afisa ni msuluhishi. Baba akiacha kulipa, afisa hawezi kumkata mshahara wala kukamata mtumbwi wake. Anachoweza ni kumwita tena, na mwisho kuwaelekeza mahakamani.

Amri ya Mahakama ya Watoto ndiyo yenye meno. Mahakama inaweza kuamua nani akae na mtoto, mwingine amwone siku zipi, na matunzo yawe kiasi gani, yalipwe kidogokidogo au kwa mkupuo. Asiyelipa anaweza kukatwa kwenye kipato au mali yake. Na amri yenyewe haijachongwa kwenye jiwe: mambo yakibadilika, mzazi yeyote anaweza kurudi kuomba ibadilishwe, na asiyeridhika ana njia ya rufaa kwenda Mahakama Kuu. Kwa mtu aliyefichiwa mtoto hili ni jambo kubwa. Sheria inakataza kumchukua mtoto isivyo halali kutoka kwa mtu mwenye ulezi wake halali. Mama wa mtoto wetu alipokwenda polisi kipindi kile, alijibiwa kwamba ni mambo ya kifamilia, wakayamalize nyumbani. Angekuwa na amri mkononi, nadhani mazungumzo yangekuwa mengine.

Swali la baba ni nani

Likiwa hili ndilo tatizo, usipoteze muda na kikao. Wazee hawana namna ya kupima damu, watabaki kutazama masikio na vidole vya mtoto. Mahakama inaweza kupokea ombi la kuthibitisha uzazi hata kabla mtoto hajazaliwa. Inatazama jina kwenye rejesta ya vizazi, kama baba alifanya taratibu za kimila, kama alimkiri mtoto mbele za watu, na matokeo ya kipimo. Akikataa kupimwa, kukataa kwenyewe kunahesabiwa kuwa ushahidi. Kipimo hicho cha vinasaba (DNA) hufanywa na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ombi hupitia vyombo vinavyotambulika kama mahakama na ustawi wa jamii. Huendi pale na mtoto mgongoni ukaomba upimiwe.

Jina la baba kwenye cheti lina kanuni yake pia. Kama hamna ndoa, linaingia pale mama na baba wanapoomba kwa pamoja. Ndiyo maana nawaambia vijana wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa: kama mtoto ni wako na unajua, nenda na mama yake mkasajili angali mdogo, wakati bado mnaelewana. Kwa walio chini ya miaka mitano usajili unafanyika bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vinavyotoa huduma ya mama na mtoto.

Muda na gharama

Kikao ni rahisi: chai, nauli za wazee, siku moja. Ustawi hakuna ada ya usuluhishi, ila utapoteza siku kadhaa za biashara. Sisi ilichukua kama miezi mitatu kwa sababu ya baba aliyekuwa visiwani. Mahakamani ilitufikisha miezi minane. Nauli, nakala za karatasi, siku unazofunga genge ukaambiwa shauri limeahirishwa. Kwa muuza dagaa hiyo ni hasara ya kweli, na sitaki kuipunguza.

Wakili si lazima. Mama wa mtoto hakuwa naye. Alisaidiwa kuandika ombi lake na msaidizi wa kisheria wa kata, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hakutozwa. Hapa Mwanza lipo pia shirika la Kivulini, ambalo kwa miaka mingi limefanya kazi ya haki za wanawake na watoto.

Mtoto mwenyewe anasikilizwa wapi?

Kwenye kikao chetu mtoto alikuwa nje akicheza, na ndani tulikuwa tunamgawa. Hakuna mzee aliyemwita, na kusema kweli angeitwa mbele ya watu wazima saba ningemwonea huruma.

Afisa ustawi alikuja nyumbani bila kutuarifu. Alifika kwanza kwa mama, Igoma, siku nyingine kwangu. Kwangu aliomba aone mtoto analala wapi akija. Akainua neti, akatazama godoro, akauliza chumba kile wanalala wangapi na ni nani. Kisha akakaa na mtoto kwenye ngazi ya nje, akamuuliza asubuhi anaamshwa na nani, anakwenda shule na nani, akiumwa tumbo humwambia nani. Maswali yote matatu mtoto alijibu "mama". Nilikuwa jikoni, nasikia. Nadhani kesi yetu iliishia pale kwenye ngazi, haya mengine yalikuwa karatasi.

Maelezo kama hayo ndiyo yanayokuwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo mahakama huiagiza kabla ya kutoa amri. Kwa hiyo ustawi na mahakama hazishindani. Ukienda mahakamani, afisa yuleyule utamkuta. Na Mahakama ya Watoto haikai kama tulivyozoea kuona. Haiko wazi kwa watazamaji, afisa ustawi yupo, na mwenendo wake unatakiwa usimtishe mtoto. Nilikuwa nikiogopa aibu ya kutajwa hadharani. Aibu nyingi niliipata kwenye kikao, ambako majirani walikuwa dirishani.

Matunzo ya mvuvi

Hili naliandika kwa ajili ya watu wa ziwani, maana mijini wanapanga hela kwa tarehe ya mshahara.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, wavuvi wanakaa wakishona nyavu. Makubaliano ya ustawi yaliandikwa Sh 80,000 kila tarehe 5. Tarehe 5 ikianguka kwenye mbalamwezi, mdogo wangu hana kitu, anaona aibu, anazima simu. Baada ya miezi miwili ya namna hiyo mama naye akamkatalia kumwona mtoto. Tukarudi palepale.

Mahakamani hakimu aliuliza kipato chake kinaingiaje. Sheria inamtaka atazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Mdogo wangu akaeleza habari ya giza na mwezi, mama wa mtoto akathibitisha, kwa sababu yeye mwenyewe amekulia kwenye dagaa. Amri ikaandikwa alipe kiasi kilekile ndani ya siku saba baada ya giza kuisha, kwa namba ya simu ya mama, na sare na madaftari wagawane mwanzo wa mwaka. Tangu hapo amechelewa mara moja. Sheria ya zamani ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa, iliyofutwa na hii ya 2009, iliweka kikomo cha Sh 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki kwenye vitabu wakati hela hiyo imeshakuwa bei ya pipi. Kiwango cha kitabuni kisichoujua mfuko wa mtu hakimlishi mtoto.

Ukienda kwenye kikao au ustawi, nawe sema hivyohivyo: hela yangu inaingia lini. Bodaboda, mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba, mama lishe, kila mmoja ana giza lake na mbalamwezi yake.

Ningechaguaje leo

Kama mnasalimiana, baba hamkani mtoto, na kinachobishaniwa ni siku za kumwona au kiasi cha matumizi, ningeanza na kikao kidogo. Wazazi wote wawili, mtu mmoja kila upande, basi. Yaandikwe kiasi, siku, nani anampeleka na nani anamrudisha, na nakala mbili. Kisha, bila kusubiri yavunjike, ningeyapeleka ustawi yakaandikwe upya pale.

Kama mmoja ameshavunja makubaliano hata mara mbili, au anakwepa, ningeanzia ustawi moja kwa moja na kuwapa miezi mitatu. Ikipita, mahakamani. Msirudi kwa wazee. Kurudi kwa wazee mara ya tatu ni kumpa mkwepaji muda.

Mtoto amefichwa, baba anamkana, au mmoja anataka kuhama naye kwenda mbali: mahakama kwanza, na wakati huohuo taarifa ustawi. Mtoto anapigwa, anafanyiwa ukatili au amelazwa njaa: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Hapo usuluhishi usubiri.

Wengine huelekezwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata. Linawafaa wenye ndoa, na walioishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawahesabu mume na mke, maana Sheria ya Ndoa inawachukulia kama wanandoa mpaka ithibitishwe vingine. Mliozaa bila kukaa pamoja, kama mdogo wangu, mtazungushwa bure.

Popote uendapo beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, taarifa za shule na miamala ya simu ya hela uliyotuma au kupokea. Kadi ya kliniki watu wanaidharau. Yetu ilikuwa na mihuri ya chanjo zote, na aliyempeleka mtoto kila mara alikuwa mmoja.

Mahakama iliamua mtoto akae na mama. Baba anamwona akiwa nchi kavu, kila mwezi, kwa kuarifu siku mbili kabla. Likizo ya Juni na ya Desemba, nusu anakaa Ukerewe kwa bibi yake, tarehe ya kwenda na ya kurudi imeandikwa. Desemba iliyopita nilikwenda bandarini kumpokea ili nivuke naye. Mama yake alikuja naye akiwa amemfunga sweta mpaka shingoni, kwa ajili ya upepo wa ziwa. Tangu tuuanze ugomvi ule alikuwa akiniita "shangazi yake fulani", jina langu hataji. Akanikabidhi begi, akasema, "Wifi, dawa ya kikohozi iko mfuko wa mbele, kijiko kimoja asubuhi na kimoja usiku." Nikafungua zipu mbele yake, nikamwonyesha kwamba nimeiona.